Sisi Kumi na Saba

Nina neno dogo. Ukiliweka mdomoni halijazi hata pengo la jino, lakini mjukuu wangu alizunguka nalo miaka kumi asijue pa kulitua. Haya, tegueni. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Rotterdam msinipe, huo nakaa miaka arobaini na nane sasa, na upepo wake naujua kuliko unavyonijua. Nipeni Paris. Paris nimekwenda, nimekula, nimelala, nimerudi. Neno lenyewe ni "mimi."

Mjukuu huyo anaitwa Rinalda. Nimemlea mwenyewe tangu ana miaka tisa, mama yake alipotutoka, na kila alichokosea katika habari hii nilimfundisha mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Nililelewa Paramaribo, katika nyumba ya mbao yenye watu kumi na mmoja na choo kimoja. Mtoto akianza maneno yake kwa "mimi," mama alimgeuza akamtazama nyuma, akamuuliza mkia wake ameuacha wapi. Maana kwa lugha yetu ya nyumbani "mimi" ni "mi" tu, na mbuzi wa jirani alishinda akisema hivyo hivyo kutwa nzima. Binadamu husema "sisi." Ukioka keki peke yako, macho mekundu kwa moshi, mgeni akauliza nani kaoka, unasema tumeoka. Wenye macho wataona nani ana unga kwenye nywele.

Nami nikamlea Rinalda hivyo hivyo, huku kwenye baridi, ambako hakuna mwenye haja ya kutazama nywele za mtu.

Akasoma. Mimi niliishia darasa la sita, lakini yeye alisoma mpaka vitabu vikamwomba apumzike. Akawa injinia wa malango ya maji, yale malango makubwa yanayofungua na kufunga mifereji ili meli zipite na mji usizame. Kazi anaijua. Lakini mara mbili alipoomba kuwa mkuu wa mradi, mara mbili walimpa mwingine. Barua ya pili nilisomewa nikiwa jikoni namenya viazi. Ilisema wameipenda kazi yake, ila "hawakumwona yeye ndani ya kazi hiyo." Nikamwambia labda miwani yao ina ukungu. Hakucheka. Alikunja barua ile mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba, na meza ikatulia. Sasa ina faida, akasema.

Mwaka huu ikatoka nafasi ya tatu, na hii ndiyo aliyoitaka kuliko zote. Lango la mashariki lilikuwa litengenezwe lote, milango yake miwili mikubwa ing'olewe kwa kreni na kurudishwa, na walikuwa wanatafuta mkuu wa kazi. Lango lile Rinalda alikuwa akilitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani mwenye kikohozi. Aliniambia akikosa na hili ataacha, atakwenda kufundisha hesabu shuleni. Si kazi mbaya, kufundisha hesabu. Lakini nilimwona alivyokuwa anasema, anatazama pembeni.

Sasa niwaambie kuhusu Jumamosi. Kwenye karatasi wana jina refu sana, lakini sisi tunasema "Jumamosi" tu, kwa sababu hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mchana, katika ukumbi wa mtaa nyuma ya kanisa. Ni wanawake wa kazi za ujenzi na maji na barabara. Wako wa Suriname kama sisi, wa Moroko, wa Cape Verde, wa Ghana, wa Maluku. Wa rangi zote isipokuwa ile moja ambayo haihitaji kikundi. Walianza watano katika jiko la Hanan, sasa ni zaidi ya sitini. Siku ya kwanza nilipokwenda kupeleka chakula niliwategea kitendawili: nyumba yangu ina mlango mzuri, kitasa chake kiko ndani tu. Wakakisia jeneza, wakakisia yai. Hanan akajibu bila kuinua kichwa kwenye simu yake, "Kazi ya mji huu, Tante." Tante ni shangazi, ndivyo wote wanavyoniita. Nikajua hapa pana akili, nikarudi mwezi uliofuata bila kuitwa.

Huyo Hanan El Bakkali ndiye mwenyekiti wao. Ni mwanasheria wa mikataba ya ujenzi, mwembamba, ana ulimi kama kisu cha samaki. Na kikundi chao kina sheria moja, ambayo aliitunga yeye. Hakuna kumwombea mwenzako kazi. Lakini kila unapokaa katika chumba ambacho mwenzako hayumo, unaingiza jina lake na tendo moja ulilolishuhudia. Jina na tendo, basi. Usiseme fulani ni hodari; hodari ni wengi. Sema fulani, Jumanne ile, alifanya hivi. Wenyewe wanaume wa huko juu hufanya hayo tangu zamani, kwenye vilabu vyao vya kupiga makasia, wala hawaoni kama ni kitu. Wanawake hawa imewabidi waandike.

Basi Jumamosi moja ya Machi wakamweka Rinalda kwenye kiti katikati ya ukumbi, wamfanyie usaili wa majaribio. Wiki iliyofuata kikundi kilikuwa na siku ya wageni, siku wanayowaalika wakubwa wa ofisi waje wale, wazungumze, wawaone. Na Jumanne baada ya siku hiyo ndiyo ilikuwa usaili wenyewe. Mwenye kuamua alikuwa bwana mmoja anaitwa Sjoerd Wiersma.

Hanan akajigeuza Wiersma. Alikaa, akakunja mguu juu ya mguu.

"Haya, mama wa malango," akasema. "Kahawa yangu inapoa. Lango la mashariki umelifanyia nini wewe?"

Rinalda akaanza vizuri tu, sauti imetulia. Tulikagua lango Februari. Tulikausha maji. Tukaona pete ya chuma inayoushika mlango juu ina kasoro. Tukaandika ripoti. Na kila aliposema "tu," nikasikia ka, ka, kama panya kwenye bati. Kumbe Dulce, yule wa Cape Verde anayepima barabara, alikuwa amechukua kopo tupu la nyanya jikoni mwa ukumbi, nilikokuwa napika, na kila "sisi" anatupia punje ya haragwe.

"Mko wangapi humo?" Hanan akauliza. "Maana mimi naona mtu mmoja kwenye kiti."

Watu wakacheka. Rinalda akaendelea, na kopo likaendelea. Alipomaliza, Dulce akamwaga mezani, akahesabu kwa kidole. Kumi na saba.

"Sisi kumi na saba kwa dakika nne," akasema Dulce. "Hata timu ya mpira hawafiki, na refa umemtia."

Safari hii Rinalda hakuvumilia. Alinyoosha kidole kwangu, mbele ya watu wote, akasema wamuulize Oma, Oma ndiye aliyemfunga ulimi. Oma ni bibi, na bibi ndiye mimi. Nikasimama pale na mwiko wa mchuzi wa karanga unanidondokea kiatuni. Nikawaambia kwamba mtu aliyelelewa hajisifu. Nikasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Tante, nakuheshimu," Hanan akajibu. "Lakini chema chajiuza kikiwa sokoni, watu wanapita, wanakiona. Huyu chema chake kiko chini ya lango, mita kumi na mbili, kwenye tope. Nani anapita huko?"

Nikainama kufuta mchuzi kiatuni. Hanan akamgeukia Rinalda na kumuuliza kuhusu Teun. Teun ni kijana wanayefanya naye kazi, Mholanzi mrefu, si mtu mbaya. Kwangu alishakuja kula mara mbili na akaosha vyombo. Naye alikuwa ameomba nafasi ile ile.

"Teun husema nini akizungumzia lango?"

"Husema sisi," akajibu Rinalda. "Kama mimi tu."

"Si kama wewe. Teun akisema sisi, watu wanamwona Teun. Wewe ukisema sisi, wanamwona Teun."

Dulce aliacha kuchezea punje zake. Nilitafuta kiti nikakaa, maana lile neno lilinipata mimi kabla halijampata Rinalda. Miaka yote nilidhani nimempa mtoto nguo ya heshima. Kumbe nilimpa nguo ya kujificha, na nimeifunga vifungo mgongoni, mahali asipofika kwa mkono wake.

Hanan hakumwachia. Akauliza, pole pole sasa, siku ile ya Februari nani alishika nyundo.

"Tulikuwa watu wanne."

"Nyundo ngapi?"

"Moja."

"Ilikuwa mkononi mwa nani?"

Mjukuu wangu akatazama mikono yake kama anaikagua. Halafu akaeleza, kwa taabu, kama mtu anayetoa mwiba. Mashine ilikuwa imeshapita kwenye pete ile na kusema ni nzima. Wenzake walikuwa wamepanda juu. Yeye akabaki chini na nyundo ndogo, akagonga boliti moja moja. Zilikuwa arobaini. Ya thelathini na moja haikulia kama zile nyingine. Akaikwangua kutu kwa kisu, na nyuma yake akakuta ufa mwembamba kama unywele, unatambaa kuelekea kwenye bawaba. Kama usingeonekana, mlango ule ungekatika siku moja meli ikiwa ndani ya lango.

Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Siku ile ya Februari alirudi nyumbani na tope hadi masikioni, nikamuuliza siku imekwendaje, akasema tumekagua lango. Nikamwambia avue viatu.

Sasa jambo jingine. Yule Wiersma nilikuwa namjua. Kabla ya kustaafu nilisukuma kitoroli cha kahawa miaka ishirini na sita katika ofisi ya mainjinia, ghorofa ya kwanza hadi ya tano, na Wiersma alianzia pale, kijana wa kujifunza kazi, kahawa nyeusi sukari mbili. Ofisi ile sheria yake biskuti moja kwa mtu. Mimi nilikuwa nampa mbili, kwa sababu alionekana hajala asubuhi. Nilipowaambia hivyo, Dulce alipiga makofi akasema mambo yamekwisha, Tante ampigie simu. Rinalda akasimama.

"Hapana, Oma. Sitaki kuingilia mlango wa kahawa."

Nikamwambia mlango wa kahawa ulimsomesha. Akasema anajua, na ndiyo maana. Kisha akaniomba jambo lililoniuma kidogo, sitaficha. Siku ya wageni nisimwambie Wiersma kwamba yeye ni wangu. Majina yetu hayafanani: mimi ni Kensmil, yeye kachukua la baba yake, Tuinfort. Nikakubali. Usiku nilimwambia mto wangu maneno ambayo sikumwambia yeye.

Siku ya wageni niliamka mapema, nikapika pom, ule mkate wetu wa kuku na magimbi, masinia matatu, na ndizi za kukaanga zisizohesabika. Kichwani nikafunga kitambaa kilichokazwa kwa wanga, kile cha kwetu, ambacho kila mkunjo wake una jina na usemi, na wanaojua husoma kichwa cha mtu kabla hajafungua mdomo. Nilikunja mkunjo uitwao Waache Waseme. Rinalda akaniona mlangoni, akauliza kama hakukuwa na mkunjo wa kusema Karibuni Wageni. Nikamwambia niliahidi kufunga mdomo, kichwa hatukukiandika kwenye mkataba.

Wageni walifika saa nane kamili kama kawaida yao, hakuna aliyechelewa, wakasimama na glasi zao kwenye pembe za ukumbi kama fenicha mpya. Wiersma alikuwa mnene sasa, nywele zimemwacha. Teun alikuja naye. Kila mwanachama wa kikundi alikuwa anazunguka na mwenzake, anamtaja: huyu ndiye Amma, aliyesimamisha kazi ya daraja Oktoba ile alipoona saruji haijakauka. Jina na tendo, jina na tendo, ukumbi mzima. Ilipendeza kusikia. Nilikuwa nagawa ndizi nikapunguza mwendo kwa makusudi.

Wiersma akaniona. Akaniita kwa jina langu, Bi Kensmil, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Aliuliza afya, aliuliza magoti, akala ndizi nne. Halafu akasogea karibu, na akasema kitu ambacho, kama shetani angetaka kunijaribu, asingechagua kingine.

"Bi Kensmil, wewe ulikuwa unatujua sote kuliko tulivyojuana. Nisaidie. Nina ripoti ya lango la mashariki. Mtu fulani aliona kitu ambacho mashine haikukiona, lakini ripoti nzima imeandikwa 'sisi.' Ninamtafuta mtu huyo. Wewe umesikia chochote humu?"

Ndugu zangu. Jina lilinijaa kinywani mpaka meno yakauma. Rinalda alikuwa hatua sita kutoka pale, anaongea na Hanan, ametugeuzia mgongo, lakini nilimjua kwa masikio yake kwamba amesikia. Ningesema neno moja. Lakini lingekuwa neno langu, na kazi ingekuwa ya biskuti mbili.

Nikamwambia, "Bwana Wiersma, mlango wa chuma ulisema siri, ukamwambia mmoja tu. Usiulize nani alikuwepo. Uliza nani alishika nyundo."

Alinitazama. Kisha, kwa kuwa ni Mholanzi na wao hawana kona nyingi, akageuka pale pale na kuuliza kwa sauti, Teun, siku ile ya ukaguzi, nyundo ilikuwa kwa nani.

Teun alikuwa na kipande cha jibini kwenye kijiti. "Tuligonga boliti zote," akasema, vizuri tu, bila ubaya, "na tukasikia moja ina sauti tofauti." Na nikaona kwa macho yangu lile Hanan alilolisema. Watu wote wakamtazama Teun. Uso wa Wiersma ukaanza kufunguka, kama mtu aliyeona alichopoteza.

Dulce alinishika mkono. Hanan alikuwa amefunga midomo yake hadi ikawa mstari. Hakuna aliyemsaidia, na sasa najua kutomsaidia kulikuwa kugumu kwa kila mmoja wao.

Rinalda akageuka.

"Hapana, Teun," akasema. "Mimi."

Sauti haikuwa kubwa. Alikuwa amepauka midomoni. Akaweka glasi yake mezani, akasema tena, na mara hii neno lilisimama lenyewe.

"Nyundo niliishika mimi. Boliti ya thelathini na moja, upande wa kusini, tarehe kumi na tano Februari, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mashine ilisema nzima. Mimi nilisikia imekufa. Nikaikwangua, nikaona ufa, nikaupima, sentimita tisa. Ripoti niliandika mimi, na hilo 'sisi' niliandika mimi pia, na nilikosea."

Ubavuni mwangu nilisikia mafuta ya ndizi yanapoa. Teun alikuwa amebaki na kijiti chake hewani, uso umeiva. Nikafikiri, haya mtoto, sasa tutajua mama yako alikulea vipi.

"Kweli," akasema Teun. "Mimi nilikuwa juu kwenye gari. Nakunywa supu."

Ukumbi ukaangua kicheko, na yeye akacheka nao, akijikuna shingo. Alimwambia Rinalda kwamba hakuwahi hata kufikiri, kwake "sisi" ilikuwa inatoka tu. Rinalda akamjibu kwamba hata kwake. Hanan, aliyekuwa nyuma yao, akasema kwa upole usio wake kwamba hilo ndilo tatizo la neno lile, linatoka kwa wote lakini halifiki mahali pamoja.

Wiersma hakucheka. Alimsogelea Rinalda, akamuuliza alijifunzia chuo gani kusikiliza chuma hivyo, maana siku hizi hakuna kinachofundisha.

"Sokoni," akasema Rinalda. "Kila Jumamosi, tangu nina miaka tisa. Bibi yangu hanunui tikiti maji mpaka aligonge. Likilia, tunachukua. Likisema tup, tunaliacha, hata muuzaji atukane. Nimegonga matikiti elfu moja kabla sijagonga boliti. Bibi yangu ni yule pale, mwenye kilemba."

Akaninyooshea kidole mbele ya watu wote, kama Jumamosi iliyopita. Lakini vidole havifanani.

Wiersma akageuka taratibu. Nikashikilia sinia langu.

"Hukuniambia, Bi Kensmil."

"Hukuniuliza hilo," nikasema. "Chukua ndizi."

Jumanne Rinalda akaenda kwenye usaili. Hakuniruhusu kumsindikiza hata hadi kituo cha tramu. Walikuwa watu watatu mezani, Wiersma mmoja wao, na walimweka saa nzima na nusu. Wakamuuliza habari za kreni, za upepo, za nini atafanya chuma kikichelewa kufika, na angewaambiaje watu arobaini wenye umri wa baba yake kwamba leo hawanyanyui. Alijibu. Aliniambia "sisi" ilimtoka mara tatu, na mara zote tatu walikuwa kweli ni wengi. Ijumaa wakampigia. Mimi nilikuwa chooni, nikasikia kelele moja tu, fupi, kama ya mtu aliyekanyaga kitu chenye ncha. Nilitoka nimeshika sketi mkononi kwa hofu. Alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji, analia na simu bado inaongea.

Teun walimpa unaibu wake. Rinalda mwenyewe ndiye aliyemtaka. Nilimuuliza kwa nini, akasema Teun anajua kreni kuliko yeye, na ni mtu anayeweza kusema nilikuwa nakunywa supu.

Mlango wa kwanza uling'olewa Septemba, siku ya Alhamisi, asubuhi yenye jua jembamba. Wanawake wa Jumamosi waliomba ruhusa makazini wakaja, kama ishirini hivi, tukasimama nyuma ya uzio. Walikuwepo na watu wengine wa mtaa, wazee na mbwa wao. Mzee mmoja kando yangu alimwonyesha mkewe mtu mwenye helmeti nyeupe aliyesimama peke yake ukingoni, akasema yule mwenye nyeupe ndiye mkuu wa kazi. Mkewe akasema mbona mdogo. Mzee akasema mdogo, lakini tazama.

Tukatazama. Kreni ilikuwa ndefu kama mnara wa kanisa. Minyororo ikakaza, maji yakatoka povu, na ule mlango wa tani hamsini ukaanza kupanda kutoka mahali uliposimama tangu kabla sijazaliwa, unachuruzika majani na matope. Ulipofika nusu, upepo ukaja kidogo. Si mwingi, kitambaa changu tu kilicheza. Rinalda akainua mkono, kiganja wazi.

Kila kitu kikasimama. Kreni, minyororo, wanaume arobaini na kofia zao za buluu, wote wanatazama mkono ule. Mlango ukaning'inia hewani na maji yanadondoka. Dulce alitaka kupiga kelele ya furaha, nikamziba mdomo. Nami mwenyewe nilikuwa na jina lake kwenye ncha ya ulimi, nilitaka kumwita ageuke anione.

Sikumwita. Alikuwa kazini, anasikiliza upepo.